Siku Tano za Kuutazama Ukuta

Paukwa!

Pakawa!

Chungu?

Kiko mafigani!

Njaa?

Iko tumboni!

Na aliyenuna?

Yuko ukutani!

Haya. Wewe uliye mwisho sogea huku, unakula moshi bure. Endeleeni kuchambua maharage huku mnasikiliza, maana masikio hayahitaji mikono.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo fisi alipiga hodi kabla ya kuiba, palikuwa na kijiji kilichoitwa Kwefundi. Watu wa Kwefundi walijisifu kwa jambo moja: hawakugombana. Katika vijiji vingine watu walitukanana, walirushiana miiko, walivunjiana vyungu. Kwefundi, la. Mtu wa Kwefundi akiudhiwa alichukua kigoda chake, akakisogeza hadi ukutani, akakaa uso kwa ukuta na mgongo kwa watu. Hakusema neno. Waliomwona waliambiana polepole, "Fulani amegeuka."

Na aliyegeuka alikuwa na haki zake. Alibembelezwa mara tatu. Mara ya kwanza alibembelezwa na mtu wa nyumbani mwake, naye hukaa kimya. Mara ya pili alibembelezwa na mkubwa wa ukoo, naye huvuta pumzi kwa sauti, ili ijulikane kwamba anaumia. Mara ya tatu walikuja wanawake wa jirani na vigelegele na wimbo na sinia la chakula, naye husema, "Basi, kwa ajili yenu tu." Hapo hugeuza kigoda, hunawa, hula. Hakuna aliyemuuliza alikuwa ameudhiwa na nini. Kuuliza ilikuwa utovu wa adabu.

Mtu aliyekubali kubembelezwa mara ya kwanza tu alidharauliwa. Walisema ana moyo wa bei rahisi. Aliyekubali mara ya pili walimwonea huruma. Aliyefika ya tatu ndiye aliyeheshimiwa. Mimi naona anayeweza kungojea hadi mara ya tatu hana hasira, ana ratiba. Lakini sikuzaliwa Kwefundi.

Kulikuwa na sharti jingine, nalo ndilo lililoleta balaa. Kazi ya aliyegeuka haikuguswa na mtu. Kama alikuwa anaezeka paa, paa lilibaki wazi. Kama alikuwa anachimba kisima, kisima kilibaki shimo. Kumfanyia kazi yake ilikuwa sawa na kumwambia: wewe hata usipokuwepo, mambo yanakwenda. Na hilo ndilo neno ambalo mtu wa Kwefundi hakutaka kulisikia maishani mwake.

Sasa, hapo Kwefundi aliishi bwana mmoja jina lake Semtawa, na mkewe Mboni, na watoto wao wawili, mkubwa akiitwa Siwatu. Semtawa alikuwa fundi wa kugeuka. Mgongo wake ulikuwa mpana, na alijua kuuinamisha kidogo upande wa kushoto hata mtu akiutazama tu anajiona amekosa. Wazazi walikuja na wana wao, wakawaonyesha kwa mbali: "Mnaona? Hivyo ndivyo mwanamume anavyokaa."

Mwaka uliotangulia kulikuwa na njaa. Kwefundi nzima walikula mizizi ya porini na majani ya kunde, na mtoto mdogo wa Mboni alivimba miguu akaponea chupuchupu. Ndiyo maana mwaka huu, mtama ulipokubali, kila mtu aliutazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyeanza kunywa uji. Shamba la Semtawa lilikuwa mteremkoni, nyuma tu ya nyumba. Masuke yalikuwa mazito, yameinama. Zilibaki siku tano za kukausha, kisha wavune. Na katika siku hizo tano ndipo kwelea hushuka.

Kwelea mnawajua. Ndege mmoja ni mdogo kama kidole gumba. Lakini hawaji mmoja. Kazi ya kuwaamia ilikuwa ya wanaume: kupanda kwenye dungu, kile kichanja cha mlinzi, katikati ya shamba toka alfajiri hadi jua kuzama, kupiga kelele, na kuvurumisha mawe kwa kombeo.

Siku moja kabla ya kuanza kuamia, Mboni alichinja jogoo ili mumewe apande dungu akiwa na nguvu. Alikuwa ametoka kisimani, akatwanga, akaosha watoto, akapika. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Jogoo alipoiva, akaonja firigisi aone kama imelainika. Akaonja ncha. Akaonja katikati. Akaonja tena, akakuta hakijabaki cha kuonja.

Akapakua, akatenga. Semtawa akanawa, akakoroga mchuzi kwa kidole. Akakoroga huku, akakoroga kule, akakoroga chini.

"Mama Siwatu."

"Bee."

"Jogoo huyu hakuwa na firigisi?"

"Alikuwa nayo."

"Iko wapi?"

"Nimeila."

Jamani! Kwefundi firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hata mtoto anayetambaa anajua. Firigisi ziliwahi kupotea katika nyumba nyingi, lakini daima ililaumiwa paka. Mwanamke husema, "Ah, yule paka!" na mume husema, "Paka huyu!" na mambo yanaisha. Mboni alikuwa amechoka mno kumtafuta paka. Na paka mwenyewe alikuwa palepale mlangoni, akasema, "Leo hata sijaulizwa."

"Umeila?" akasema Semtawa.

"Nilikuwa na njaa, Baba Siwatu. Kula paja, ni kubwa zaidi."

Semtawa aliinuka. Akachukua kigoda chake. Akakisogeza hadi ukutani, mahali palipokuwa na kitundu cha kupitishia hewa, akakaa, akauinamisha mgongo upande wa kushoto.

Mboni akatazama mgongo ule. Akatazama juu, jua lilikuwa limesimama utosini. Akasema maneno ya desturi: "Geuka, Baba Siwatu, chakula kinapoa."

Kimya.

Hiyo ikawa ya kwanza.

Alasiri akaja dada mkubwa wa Semtawa, Bi Tabu, mama mwenye sauti nzito na khanga mbili mpya. Akasimama nyuma ya mgongo. "Geuka, mdogo wangu. Marehemu mama anakutazama."

Semtawa akavuta pumzi, ikasikika hadi nje.

"Amevuta vizuri," Bi Tabu akamwambia Mboni. "Kesho asubuhi naleta wanawake, ataelewana na wewe. Tengeneza wali."

"Kesho alfajiri anatakiwa awe kwenye dungu, wifi."

"Ndege nao watasubiri. Hii ni desturi."

Lakini ndege hawakuwa watu wa Kwefundi.

Alfajiri, kwelea mmoja alikuja kupeleleza. Akatua juu ya paa, akauliza, "Mwenye shamba yuko?"

Jogoo wa jirani akajibu, "Yuko."

"Yuko wapi?"

"Ukutani."

"Basi tule!"

Wakashuka, kama mtu aliyemwaga gunia la kokoto kutoka mbinguni.

Wakati huohuo, kwenye kile kitundu cha ukutani ikatokea pua. Pua nyeusi, yenye unyevu. Ilikuwa pua ya Fisi.

"Hodi," akasema Fisi. "Pole, bwana mkubwa. Umekosewa nini?"

Semtawa alishtuka. Tangu jana hakuna aliyemwambia pole. Hakuna aliyemuuliza. Moyo wake ukalainika kama mkate uliochovywa chai.

"Firigisi," akanong'ona. "Ameila."

"Mungu wangu!" akasema Fisi. "Yote?"

"Yote."

"Na wanakubembeleza mara ngapi?"

"Tatu. Sasa hivi wanakuja wa tatu."

Fisi akacheka puani. "Tatu! Mwezi uliopita jirani yako aligeuka kwa sababu ya mboga kukosa chumvi. Alibembelezwa mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa hiyo firigisi na chumvi ni sawa? Haya, mimi si wa kijiji chenu, sitaki kusema mengi. Lakini mwanamume kama wewe, mgongo kama huo, ageuke sawa na mtu wa chumvi..." Akaacha maneno yafanye kazi.

Wanawake wakaja na vigelegele. Wakaimba wimbo wote, ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wakaweka sinia la wali chini ya kigoda. Wakangoja yale maneno, "Basi, kwa ajili yenu tu." Wengine walikuwa tayari wamekwishajifunga khanga waondoke.

Semtawa akakaa kimya.

Wakatazamana. Wakarudia ubeti wa mwisho. Kimya. Bi Tabu akatokwa na jasho. Tangu Kwefundi iwe Kwefundi hajapata kutokea mtu wa kukataa ya tatu. Hakukuwa na wimbo wa mara ya nne. Wakatoka mmoja mmoja, na huko nje kila mmoja akasema, kwa hofu na kwa heshima pia, "Huyu ameumizwa kweli."

Semtawa alisikia. Hakuwa amewahi kujisikia mtu mkubwa namna ile.

"Hongera," ikasema pua kitunduni. "Sasa, huo wali. Ukikaa hapo miguuni watadhani unautamani. Nisukumie huku nje nikuondolee aibu."

Semtawa akamsukumia kupitia mlango wa uani uliokuwa pembeni mwake. Fisi akaula wali wote na mchuzi wake, akalamba sinia, akasema, "Nafanya hivi kwa ajili yako tu."

Siku ya pili, kwelea akatua juu ya paa. "Mwenye shamba yuko?"

"Yuko."

"Yuko wapi?"

"Ukutani."

"Basi tule!"

Mboni akasimama ukingoni mwa shamba akapunga khanga. Ndege waliruka hatua tatu, wakatua hatua nne. Akarudi ndani. Safari hii hakusimama nyuma ya mgongo, alipiga magoti chini kando ya kigoda, na hakusema maneno ya desturi.

"Baba Siwatu, sikia. Wamemaliza mistari mitatu ya upande wa kijito. Mwaka jana yule mdogo alivimba miguu, wewe ndiye uliyembeba. Nilikosa, nimekosa. Nikichinja mwingine nitakupa firigisi, na maini, na shingo. Ila sasa hivi inuka uchukue kombeo. Ukitaka rudi jioni ugeuke tena, nami nitakubembeleza mara kumi."

Ndani ya Semtawa kukawa na mkutano.

Tumbo likasema, "Tugeuke. Mimi tangu juzi napewa maji tu."

Shingo ikasema, "Tugeuke. Ninyi mnanuna, mimi ndiye ninayeuma."

Moyo ukasema, "Mimi nilishasamehe jana mchana, nilikuwa nasubiri mtu aniulize."

Basi angegeuka. Alikwisha kuinua kisigino. Lakini pua ilikuwa kitunduni.

"Pole, bwana mkubwa," ikasema. "Leo umekosewa nini?"

Semtawa akafikiri. Lile la firigisi lilikuwa limechakaa kidogo, amelitumia sana. Akachakura. "Namna alivyosema," akanong'ona. "Alisema 'nimeila' kavukavu, kama mtu anayetaja jina la mtaa."

"Hilo ni kubwa kuliko firigisi," akasema Fisi. "Na sasa anakutisha na mambo ya ndege. Angekuheshimu angekubembeleza kwa wimbo. Chakula cha leo ni nini?"

"Ugali na kunde."

"Nisukumie."

Kisigino kikarudi chini. Mboni alingoja kidogo, akainuka, akapangusa magoti.

Siku ya tatu, kwelea hawakuuliza tena. Walikuwa wanamjua jogoo, na jogoo alikuwa anawajua.

Fisi aliuliza. "Pole, bwana mkubwa. Leo umekosewa nini?"

Semtawa alifikiri muda mrefu. Akarudi nyuma katika maisha yake akitafuta, kama mtu anayekung'uta gunia tupu. "Siku ya harusi yetu," akasema mwishowe, "mjomba wake alinipa mkono wa kushoto."

"Alikuwa ameshika nini mkono wa kulia?"

"Mtoto. Alikuwa amembeba mtoto."

"Hata hivyo!" akasema Fisi, akila.

Hapo mnaona wenyewe. Mtu alikuwa na hasira ya saa moja. Sasa anaitafutia chakula yeye mwenyewe, na chakula chake yeye anakula Fisi.

Siku hiyo hiyo ya tatu Mboni hakwenda kupiga magoti. Alikwenda kwenye kigingi cha mlangoni lilipoangikwa kombeo la mumewe, akalichukua. Bi Tabu alikuwa anaingia na khanga zake mbili, akaona, akapiga yowe.

"Wifi! Weka chini! Hiyo ni kazi ya aliyegeuka!"

"Naijua ni ya nani."

"Ukimfanyia kazi yake utamwambia hana maana! Utamwua ndugu yangu kwa aibu!"

"Sijaona mtu aliyevimba miguu kwa aibu," akasema Mboni. "Kwa njaa nimeona. Nishikie huyu mdogo."

"Mimi?"

"Wewe, wifi. Una mikono miwili na hakuna iliyo na kazi."

Bi Tabu akajikuta ameshikishwa mtoto, na mtoto alikuwa na kamasi, na khanga zilikuwa mpya. Mboni akateremka shambani. Akapanda dungu. Hakuwahi kuvuta kombeo tangu azaliwe: jiwe la kwanza liliupata mbuyu, la pili likampita sikio lake mwenyewe, la tatu likatua katikati ya kwelea. Wakaruka.

"Haa!" akapiga kelele. "Haa! Haa!"

Tangu hapo hakubembeleza tena. Na kwa kuwa alikuwa kwenye dungu toka alfajiri hadi jua kuzama, hakupika chakula cha mchana. Watoto walikula viporo kwa Bi Tabu. Chini ya kigoda hapakuwekwa kitu.

Siku ya nne pua ilikuja. "Pole, bwana mkubwa. Leo wameleta nini?"

Semtawa akaona swali limebadilika, lakini akajibu. "Hawajaleta."

"Hawajaleta kabisa?"

"Kabisa. Hata kubembeleza hawaji. Sasa ndiyo nimekosewa kweli, ndugu yangu. Kaa nikueleze."

Fisi akakohoa. "Ningependa. Ila nina bwana mwingine kijiji cha pili, amekosewa mkia wa mbuzi. Kesi nzito. Kwao wanapika mara mbili kwa siku."

"Unaniacha? Wewe ndiye uliyesema nisigeuke!"

"Mimi nilisema usigeuke chakula kikiletwa. Mtu anayenuna bila chakula kuletwa hajanuna, bwana, amekaa tu." Pua ikaondoka. Mahali pake pakabaki kitundu, na katika kitundu, shamba.

Semtawa akatazama. Siku nne alikuwa mbele ya kitundu kile, lakini pua ilikuwa imekiziba. Sasa aliona. Upande wa kijito mistari mingi ilikuwa mabua matupu, kama vijiti vya kuchokolea meno. Upande wa juu mtama ulikuwepo bado. Na katikati, juu ya dungu, alikuwepo mtu mwembamba amejifunga khanga kichwani, anazungusha kombeo. Kombeo lake yeye!

Hasira halisi ikampanda, ya kwanza tangu siku ile ya firigisi. "Kumbe mambo yanakwenda bila mimi!" Akatazama vizuri zaidi, akaona hayaendi. Mboni akipiga kulia, ndege wanaruka kushoto. Akipiga kushoto, wanarudi kulia. Shamba lilikuwa na pande mbili, na Mboni alikuwa mmoja.

Alitaka kuinuka. Lakini angeinukaje? Mtu wa Kwefundi hageuki bila kubembelezwa. Ya tatu aliikataa mwenyewe, na ya nne haikuwepo duniani. Akitoka hivi hivi, akiulizwa, "Nani amekugeuza?" atajibu nini? Akakaa. Akakaa mchana ule wote, akaona mistari miwili mingine ikiisha, na Tumbo, Shingo na Moyo hawakusema naye tena. Nao walikuwa wamegeuka.

Siku ya tano kundi lote likaja, lile kubwa, lenye kutia kivuli ardhini. Kiongozi wao akazunguka shamba mara moja. "Upande wa mama uacheni," akawaambia. "Twendeni upande wa bwana, kule kijitoni kusiko na mtu."

Semtawa akasikia kelele ya Mboni kupitia kitunduni. Haikuwa kelele tena. Sauti ilikuwa imekauka, inatoka kama mlango mbovu.

"Haa!"

Semtawa akainua kichwa. "Ananiita," akajiambia. Akajua si kweli, lakini akasema, "Hiyo ya kwanza."

"Haa!"

"Ya pili," akasema Semtawa, na akavuta pumzi kwa sauti, kama inavyotakiwa.

Kisha kukawa kimya. Kimya kirefu. "Jamani, sema," akanong'ona akiwa ameukumbatia ukuta, "sema tena, mke wangu, sema basi..."

"Haa!"

"Ya tatu!" akapiga kelele Semtawa. Akaweka sura yake vizuri, ile sura ya mtu mkubwa anayesamehe. Akageuza kigoda. "Basi," akasema, "kwa ajili yenu tu."

Mbele yake palikuwa na kuku wawili na paka.

"Karibu," akasema paka.

Semtawa hakungoja kunawa. Akatoka mbio. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa, shingo imepinda upande wa kushoto haitaki kunyooka, akakimbia kama kaa, ubavu mbele. Kombeo hakuwa nalo. Akapita jikoni akanyakua sinia na mwiko, akateremka shambani akipiga sinia na kubweka, maana katika haraka ile maneno hayakumjia. Akaingia upande wa kijito, katikati ya kundi. Kwelea hawakuwahi kuona mtu wa namna ile. Wakaruka wote, wakazunguka juu, wakatazama chini wasielewe.

"Mwenye shamba yuko?" akauliza mmoja.

"Yuko," akajibu kiongozi.

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo, ana wazimu. Twendeni kijiji cha pili, nasikia kuna bwana amekosewa mkia wa mbuzi."

Mboni juu ya dungu alimwona mumewe. Hakushangilia, hakulia, hakumwambia karibu. Alimwonyesha kwa kidole pembe ya chini. "Kule," akasema. Semtawa akaenda kule.

Walipiga kelele mpaka jua likazama. Keshoye ndugu na jirani wakaja kuvuna, na kilichopatikana kilikuwa nusu na kidogo juu ya nusu. Ulikuwa mtama wa kula kwa kubana, wa uji asubuhi na ugali jioni, bila pombe na bila kugawa. Lakini ulikuwa wa kufika mvua nyingine.

Ila ngoja nirudi kwenye jioni ile ya siku ya tano.

Mboni aliingia nyumbani, akatua kombeo, akaketi kwenye kitu cha kwanza alichokikuta. Kilikuwa kigoda. Akaegemeza paji la uso ukutani. Hakusema neno.

Semtawa akaingia nyuma yake, akauona mgongo ule. Akatoka akamwita Bi Tabu, Bi Tabu akaja amembeba mtoto, akachungulia, akashika kinywa.

"Naye amegeuka! Mwanamke! Sasa nani anambembeleza?"

"Mimi ndiye mtu wa nyumbani," akasema Semtawa. Akasimama nyuma ya mgongo, akakohoa. "Geuka, Mama Siwatu. Chakula kinapoa."

"Chakula gani?" akanong'ona Bi Tabu. "Hakuna aliyepika."

Semtawa akaenda jikoni. Akawasha moto, ukazima. Akauwasha tena. Akasonga ugali wenye mabuja, akachemsha kunde bila chumvi kwa kuwa hakujua chumvi inakaa wapi. Akaleta, akaweka chini ya kigoda.

Kimya.

Bi Tabu akabembeleza ya pili. Mboni akavuta pumzi kwa sauti. "Amevuta vizuri," akasema Bi Tabu.

Wakaita wanawake wa jirani. Wakaja, wakapiga vigelegele, na Semtawa akaimba nao, ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu, mwanamume mzima shingo imepinda. Wakangoja. Kimya. Wakatazamana. Ya tatu imekataliwa! Semtawa akapiga magoti kando ya kigoda, palepale alipopigiwa yeye, na ndipo akauona uso wa mkewe.

Macho yalikuwa yamefumba. Kinywa kilikuwa wazi kidogo. Alikuwa anakoroma.

"Amenuna?" akauliza Bi Tabu.

"Amelala," akasema Semtawa.

Wanawake wakaondoka kwa vidole vya miguu. Semtawa akamlaza mkewe mkekani. Akapakulia watoto. Wakala ule ugali wa mabuja, Siwatu akasema, "Baba, hauna chumvi," na Semtawa akafungua kinywa, akatazama ukutani, akakifunga. "Najua," akasema. "Kula."

Baadaye kidogo Mboni akafumbua jicho moja.

"Ndege?"

"Wameondoka."

"Watoto wamekula?"

"Wamekula."

Akafumba jicho.

Na mimi hadithi yangu inakatikia hapo, pamoja na kuni zangu. Leteni hayo maharage. Mwenye kutaka kunung'unika kwamba maharage mabovu ni mengi kuliko mazima, ukuta ule pale, lakini vyombo vya kuosha viko karibu zaidi.